Mugomba ya Kitovu

Mimi sijue kukaa. Uliza mutu yeyote ya Bungulu, hapa Beni, atakuambia Mashaka, ule wa moto nyekundu, pikipiki ya taxi, hata chai anakunywaka amesimama. Mama anasema nilizaliwa vile, na dada yangu mudogo Faida alikuwa anaongeza kama nilitoka mu tumbo mbele ya wakati juu niliona mukunga anachelewa. Ni mazungumzo yao tu. Zamani nilikuwa mutu ya kutulia sawa bengine. Kuhangaika kulinishika tangu batu ya bunduki bamuue Faida mu shamba yetu ya Kalunguta, wakati ya mavuno, na ni miaka mbili sasa mwili yangu haijakubali kiti.

Donc, ile asubuhi nilikuwa ku barabara, natoka Kalunguta naenda Butembo, na gunia imefungwa nyuma ya moto. Mu gunia kulikuwa mutoto ya mugomba, urefu ya mukono yangu, na udongo yake. Mama alikuwa amesema kama ile kitu ikikufa ku njia, nisirudi mu nyumba. Alisema polepole, akikunja nguo, na mama yangu akisema kitu polepole ujue amemaliza. Hakunisindikiza ku mlango. Zamani alikuwa hatuachi tutoke bila kutusomea Fatiha na kutupulizia ku kichwa, hata kama ni kwenda kununua chumvi. Tangu Faida akufe, aliacha. Sikumuuliza juu ya nini. Mimi ni mutu muzima, niko na casque, kofia ngumu ya moto.

Kwetu mutoto akizaliwa, kitovu yake ikikauka na kuanguka, mama anaizika ku muguu ya mugomba yenye imetoka kupandwa. Ule mugomba inakuwa ya ule mutoto. Binti akiolewa, anaenda na mutoto ya mugomba yake kuipanda kwa bwana. Yangu mimi, mbuzi ilikula ningali kidogo, na Faida alinicheka juu ya ile maisha yake yote. Yake ilisimama. Shina yake ilikuwa nyeusi, nyeusi ya kweli, sawa mutu ameipakaa masizi ya sufuria, na mu shamba yote ilikuwa yenyewe tu na ile rangi. Faida naye alikuwa mweusi kutupita sisi bote. Tulikuwa tunamutania kama yeye na mugomba baligawana rangi moja, na yeye alikuwa anajibu kama angalau yeye iko na mugomba.

Halafu ugonjwa ikafika Kalunguta. Majani inakuwa manjano, inaanguka, ukikata ndizi unaikuta imeoza ndani, na panga yenye ulikatia inapeleka ugonjwa ku mugomba ingine. Muagronome, bwana shamba, akapita nyumba kwa nyumba, akasema tung'oe yote, tuzike. Mama anaishi kwangu tangu kifo ya Faida, na hajakanyaga Kalunguta tena. Nilimupelekea habari nikifikiri atalia. Hakulia. Akasema tung'oe shamba yote, haina neno, lakini mugomba ya Faida nisiiache ikufe. Nikamuelezea kama upande moja ya kichaka yake tayari iko na ugonjwa.

"Basi upande ingine iko muzima," akasema.

Nilimuelewa, hata kama nilikasirika. Faida tulimuzika haraka, batu banaangalia barabara kuliko kaburi. Simu yake ilipotea na picha zote. Ule mugomba njo ilikuwa kitu ya mwisho ya Faida yenye ilikuwa ingali inasimama.

Nikapigia Falonne. Falonne ni binti ya mutaa ya Vulamba, mukatoliki. Balisoma na Faida banc moja, dawati moja, ku secondaire, kule Butembo, na balikuwa banaazimana mpaka bitenge. Sasa anafanya kazi mu laboratoire, maabara moja ya Butembo kwenye banazalisha migomba mu chupa. Aliniambia nichague mutoto mudogo kabisa ya ule upande muzima, nisafishe panga na dawa ya Javel mbele ya kukata na nyuma ya kukata, nifunge muzuri, nisilale ku njia. Sawa mimi ni mutu ya kulala ku njia.

Ku barrière, kwenye askari banafunga barabara, soldat moja akataka kujua nini iko mu gunia. Nikamwambia mugomba. Akafungua, akaona ni mugomba kweli, akakasirika kuliko angekuta bunduki. "Oyo nini? Na Butembo makemba ezali te?" akaniuliza na Lingala yake, kama Butembo imekosa ndizi mpaka nibebe hii. Jibu mubaya ilikuwa tayari ku ulimi. Nikakumbuka mama na zile nguo alikuwa anakunja. Nikasema ni ya dada yangu, alikufa. Akaniangalia, akafunga gunia yeye mwenyewe.

Falonne alinipokea amevaa blouse nyeupe ya kazi, akaniambia wasingya, asante, juu ya kufika, akanionyesha kiti ku korido. Nikasimama ku dirisha ya kioo, nikaangalia vile anafanya, na hasira ikanipanda. Alianza kuvua ile mutoto ya mugomba matabaka ya nje, moja moja, anatupa. Akatupa mizizi. Akatupa udongo ya Kalunguta. Akaosha, akaingiza mu dawa, akatoa, akaendelea kupunguza na kisu, mpaka ile kitu nilibeba sawa mutoto ku mugongo ikabaki kipande nyeupe, sawa ncha ya kidole. Akaiweka mu chupa, juu ya kitu sawa uji yenye imeganda, akafunga kifuniko.

Alipotoka nikamuuliza Faida amebaki wapi mule. Nilisema na sauti ya ku parking ya bataximan, na batu ya bureau, ofisi za pembeni, bakafungua milango kuangalia.

"Iko mule yote," Falonne akasema. "Keti nikuelezee."

Sikuketi. Akaelezea vile vile. Alisema ile kipande ni moyo ya mugomba, fasi yenye cellules zinagawanyika bila kuchoka. Cellule, ile bitabu bya Kiswahili binaita seli, ni kama chumba kidogo, kidogo kupita nguvu ya jicho, na mwili yote ya mugomba imejengwa na zile. Mu kila seli kuna uzi murefu yenye imekunjwakunjwa, ADN, ile bengine banaita DNA, na ku ule uzi imeandikwa kila kitu: majani ikomae namna gani, ndizi ikuwe tamu namna gani, shina ikuwe nyeusi. Seli haigawanyike mbele haijaandika nyuzi zake zote upya. Ikimaliza, inazipanga katikati, inavuta nakala moja huku, ingine kule, halafu inajifunga kiuno mpaka inakatika, na kila upande inabaki na maandishi kamili. Hakuna yenye inapewa nusu.

Nikamukatiza. Nikamwambia mimi najua photocopie: unafanya photocopie ya photocopie ya photocopie, mwisho unasoma kivuli. Kitovu ya Faida ilizikwa zamani. Ule mugomba ilizaa bengine, bengine ikazaa bengine, na hii yenye nimeleta ni ya ngapi? Lazima imefutika.

Falonne akashika fermeture, zipu ya jaketi yangu, pale ku kifua, bila kuomba ruhusa, akaivuta chini.

"Ule uzi ni sawa hii," akasema. "Iko na pande mbili. Inafunguka, na kila upande ya zamani inajijengea mwenzake mupya, jino kwa jino. Kwa hiyo kila seli yenye inazaliwa iko na upande moja ya zamani ndani yake. Hiyo si photocopie, yaya Mashaka, kaka yangu."

Akaifunga tena mpaka ku shingo, sawa mama anavalisha mutoto. Akasema seli iko pia na bafundi yake ya ndani, benye banapitia kazi: jino yenye imekosewa banaitoa, banaweka ya kweli. Makosa inapita mara moja moja, na ikipita, nayo inaandikwa tena na tena kwa uaminifu ule ule. Njo maana hapana kuharakisha ile kazi. Mimi kusikia hapana kuharakisha, nikaangalia saa.

Mbele nitoke, nikamutolea kitu yenye ilikuwa inaniuma tangu Kalunguta. Nikamuuliza ni haki gani hii, mugomba irudi yote kutoka kipande sawa ukucha, na dada yangu asirudi hata kidogo. Nilikuwa namukasirikia Falonne, sawa yeye njo aliamua. Akasema kama Faida naye alifanya ile kazi kila siku. Ngozi yenye nilimujua nayo akiwa mutoto ilikuwa imekwisha kuanguka na kubadilishwa mara mingi, damu yake pia, na kila mara seli zake zilikuwa zinaandika Faida ule ule, na weusi wake, na ile doa yake ya ku shavu.

"Mutu hawezi kurudi sawa mugomba," akasema. "Lakini alibaki Faida mpaka ku mwisho. Ile hapana mutu alimunyanganya."

Nikawasha moto nikaenda, juu machozi ilikuwa karibu na batu ya bureau balikuwa bangali ku milango.

Kungojea njo kulinimaliza. Nilikuwa natafuta bateja ya Butembo hata kwa hasara, ili nipate sababu ya kupita ku laboratoire. Falonne alikuwa ananiambia neno ile ile: seli zinagawanyika, rudi kwako. Nikipiga simu hajibu, nikipiga na namba ya mutu mwingine anajibu, akisikia sauti yangu anacheka anakata. Mama naye, kila nikirudi, mbele hata nivue casque anauliza, "Imegawanyika?" na ile sauti banauliziaka habari ya mugonjwa. Nilimuelezea mambo ya fermeture. Alifungua jaketi yangu na kuifunga, akaifungua na kuifunga, mpaka nikamuomba aache, nilitaka kutoka.

Kweli ile kipande ilikomaa. Ikatoa macho, macho ikakuwa miche midogo, Falonne akaikata na kuigawa mu chupa ingine. Halafu balaa ikaanza. Chupa moja ile uji yake ikabadilika rangi, ikakuwa sawa maji ya muchele. Ugonjwa ilikuwa imejificha mule. Akaitupa. Ingine pia, akaitupa. Nilikuwa napigiwa simu, naona jina ya Falonne, nasimamisha moto mbele hata sijapokea. Ku mwisho chupa mbili zilibaki safi.

Mama akasema anataka kuona na macho yake. Falonne akakataa. Nikarudi kumuomba, akakataa tena, nikaomba mpaka akachoka na mimi. Alisema anafanya hii juu ya Faida tu, na kama mukubwa wake akijua, kazi imekwisha. Akanipa chupa moja, kifuniko imezungushiwa plastiki.

"Hapana kufungua," akasema. "Mule ndani hakuna hata mukrobe moja, hata kidudu, na ile uji ni sukari, chakula yao. Hewa yenye sisi tunapumua itaiua. Unanisikia? Hapana kufungua."

Nikaiweka mu jaketi, ku kifua, nikaendesha polepole mpaka bataximan wenzangu bananipita na kelele ya klaxon na kuniuliza kama nimebeba mayai.

Mama alikuwa ku mukeka, ametoka kusali alasiri. Akapokea chupa na mikono mbili. Ndani kulikuwa miche mitatu midogo, kijani, na mizizi nyeupe sawa nyuzi za kushonea. Akaigeuza ku mwangaza, huku na kule. Nikamwambia yote Falonne aliniambia, hapana kufungua, nikarudilia. Akaitikia na kichwa. Pale simu ikalia, muteja ya bitunguu, réseau ya simu mubaya, nikatoka inje kubishana naye.

Niliporudi, plastiki ilikuwa ku mukeka, kifuniko ku magoti ya mama. Alikuwa ameshika chupa karibu na mdomo, macho imefungwa, na alikuwa anamalizia Fatiha. Akasema amina, akapulizia mule ndani, pumuzi ndefu.

Nilipiga kelele. Sijawahi kumupigia mama kelele maisha yangu, na pale nilipiga mpaka majirani balinyamaza. Nilimwambia ameua. Nilimwambia amemuua Faida mara ya pili. Ile neno ilitoka, nikaisikia, na haikurudi.

Mama alifunga kifuniko polepole, akaikaza.

"Ile asubuhi ya mwisho ya Faida tuligombana," akasema. "Mimi nilikuwa nakataa aende shamba, yeye anasema ndizi zinaiva bure. Akakuja ku mlango, akainamisha kichwa nimupulizie. Nikamugeuzia mugongo. Alingojea pale, Mashaka. Alingojea, halafu akaenda."

Akaweka chupa chini.

"Hii siwezi kuiacha irudi Butembo bila kuipulizia."

Nikatoka, nikawasha moto, nikazunguka Bungulu bila muteja, barabara ile ile mara na mara, mpaka adhana ya magharibi ikanirudisha.

Nilifikiri labda Mungu ataangalia moyo ya mama na kuacha ile chupa. Kuvu haiangalie moyo. Ilianza sawa pamba kidogo ku pembeni ya uji, kesho yake ilikuwa imeenea, nyeupe, halafu kijani, halafu nyeusi, na ile miche ikalala mule ndani, ikakuwa maji. Mama alikuwa anaiangalia ku dirisha. Aliniuliza ni nini ile. Ningeweza kumudanganya. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia kweli, kama ni bitu bidogo byenye binaishi mu mdomo na mu hewa.

"Kumbe ni pumuzi yangu," akasema. "Pumuzi yangu njo inaua."

Tangu pale alianza kufunika mdomo na kitambaa, hata mu nyumba. Chakula alikuwa anaigusa tu. Nilikuwa namusikia anasali, na hata mu sala sauti ilikuwa chini, sawa anaogopa ifike fasi. Sasa nikaelewa uzito ya ile chupa ingine, yenye ilibaki kwa Falonne. Ile ikikufa pia, mama atakuwa ameshitakiwa na kuhukumiwa na yeye mwenyewe, na hakuna mwanasheria.

Nilimupelekea Falonne ile chupa ya kuvu na kumuelezea yote, nikingojea anitukane. Hakutukana. Aliishika, akaiangalia sana. Akasema ku examen d'État, mutihani ya kumaliza secondaire, bote balikuwa banatetemeka na Faida hapana, juu alikuwa anasema mama amemupulizia tayari. Halafu akageuka kunawa mikono, akanawa murefu kuliko inatakiwa.

Nikamuomba agawe ile ya mwisho haraka, haraka, itoe mingi, juu mama hakuli. Akasema seli hazimujue mama yangu. Ukizisukuma kugawanyika kupita kiasi, makosa inaingia, na utapata migomba mingi yenye si ya Faida. Nikamwambia basi fanya sawa unajua. Ile sentensi ilinigharimu kuliko essence, petroli ya mwezi. Na essence nayo nilileta: umeme ilipokatika na chumba ya chupa ikaanza kupata joto, nilibeba bidon mpaka ku groupe, jenereta yao, mimi mwenyewe, na kama mafundi balinicheka, bacheke.

Ile chupa ilibaki safi. Ikagawanywa, ikangojewa, ikagawanywa tena. Siku moja Falonne akanipigia, akasema inatoka mu chupa. Nikafika, nikakuta miche imepandwa mu bisachet, bifuko bidogo bya udongo, mu kivuli, chini ya plastiki, na yeye alikuwa anafungua ile plastiki kidogo kidogo kila siku. Nikataka kuifunga. Akanipiga ku mukono.

"Sasa inajifunza hewa," akasema. "Ikomae na mukrobe, na vumbi, na pumuzi ya batu. Ikibaki chupani itakufa vilevile."

Alikuja Beni mwenyewe kuileta, ku moto yangu, carton ku magoti, akinilaumu kila shimo. Mama akamupokea na kitambaa ku mdomo. Falonne akamukumbatia, akamwambia, "Mama Hadidja, pumuzi yako haina ubaya. Mule mu chupa hata pumuzi ya askofu wetu ingeiua." Mama macho ilicheka kidogo, kitambaa ikabaki. Tukapanda nyuma ya nyumba, mu bishimo nilichimba, nikazungusha miti kuzuia mbuzi, juu mimi na mbuzi tunajuana.

Halafu kungojea tena. Miche ikakomaa, ikatoa majani mapana, ikafika ku magoti, na shina yake ilikuwa kijani. Kijani tu, sawa mugomba ya mutu yeyote. Mama alikuwa anaenda kila asubuhi kuinama pale, na kitambaa yake, anaangalia, anarudi. Siku moja akasema ni muzuri, tumupelekee Falonne shukrani, lakini hizi ni ndizi ya batu bengine. Alisema polepole. Nikampigia Falonne, nikamwambia imefutika, nilikuambia photocopie. Akaniambia shina ingali mutoto, ningojee. Nikamwambia kama nikisikia tena ile neno nitatupa simu mu muto ya Semuliki. Akasema Semuliki iko mbali na kwako, utakuwa umekwisha kutulia mbele hujafika.

Ile asubuhi nilikuwa na muzigo ya Butembo. Moto inawaka ku kipango, kiwanja mbele ya nyumba, niko nafunga kamba, na muteja anapiga simu. Mama akaniita jina yangu, moja tu. Nikajua ni mbuzi. Nikakimbia na jiwe ku mukono.

Hakukuwa mbuzi. Mama alikuwa amepiga magoti ku mugomba ya kwanza, ameondoa jani moja ya chini yenye ilikuwa imekauka. Chini ya ile jani, kutoka ku udongo kupanda juu, shina ilikuwa nyeusi. Akalowesha kidole gumba na mate, akasugua. Haikutoka. Akasugua na kanga, haikutoka. Nikaenda ku ingine, nikavua jani. Nyeusi. Ku ingine, nyeusi. Nilikuwa nacheka na sauti yenye siijue, na niliendelea kushika jiwe.

"Ni yenyewe," nikamwambia mama. "Si mutoto yake. Ni ile yenyewe."

Alivuta kitambaa chini mpaka ku shingo. Akaweka mukono ku shina, akasoma Fatiha, mwanzo mpaka mwisho, na akapulizia. Jani ikatikisika. Mugomba ikasimama pale pale, haikupata kitu, na mama akaingoja muda mrefu kuiangalia kama itapata.

Nikarudi ku moto juu simu ilikuwa ingali inalia, na sikutaka anione uso. Nikavaa casque. Nikasikia miguu yake nyuma yangu, mpaka ku kipango.

"Zima," akasema.

Nikazima.

"Vua hiyo kitu."

Nikavua casque. Alikuja mbele yangu, mikono imejaa udongo, mudogo, kichwa yake inanifika ku kifua. Nikainama. Miaka mbili nilikuwa nasema mimi ni mutu muzima, haina neno, na pale nikajua kama kila siku, ku kila barrière, ku kila kona ya ile barabara, nilikuwa mutu ametoka nyumbani bila kufunga mlango. Aliweka mukono ku nywele yangu. Akasoma polepole, bila kuruka neno, na akapulizia. Pumuzi yake ilikuwa na joto na harufu ya tangawizi.

Muteja akapiga tena. Nikamuomba mama kiti, nikakaa.